Kupiga mbizi bila mtungi wa hewa: anza na masikio
Ndugu, umesema masikio yanakuuma ukifika mita 3 au 4, na kwamba huhema harakaharaka kabla ya kuzama. Hayo maumivu ni kawaida kwa anayeanza. Bana pua, sukuma hewa taratibu kuelekea masikioni, tena anza mapema, kabla ya maumivu. Mita 10 tu chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Sikio likigoma, panda. Ukilazimisha, ngoma yake inaweza kupasuka.

Hilo zoezi lako la kuhema harakaharaka kabla ya kuzama, liache kabisa! Oksijeni haiongezeki ya maana. Kinachopungua ni kabonidioksidi, hamu ya kupumua inachelewa, unazimia ukikaribia kuibuka. Kwa hiyo usizame peke yako, hata bwawani, na mwenzako akutazame nusu dakika baada ya kuibuka. Kozi ya AIDA, shirika la kimataifa la kupiga mbizi bila mtungi, itakufaa kuliko mapezi ya bei.

Una mafua? Subiri. Pumu au moyo, daktari kwanza. Na kwenye maji ya joto, jua hukausha mwili bila wewe kuhisi, kunywa maji.