Bwana, mtumwa, au nakala? Maswali ya mafundi wa hifadhidata

Shikamoo mwalimu. Tuko Unguja, tunatengeneza programu ya hifadhidata inayotawanywa kwenye seva kadhaa. Mwenzetu amezipa seva majina ya "bwana" na "mtumwa", anasema ndivyo vitabu vilivyoandika. Mteja wetu mkubwa ana ofisi Mkunazini. Nimwambieje?

Marahaba. Mkunazini tena! Hapo hapo palipokuwa na soko la watumwa hadi Sultan Barghash alipolifunga mwaka 1873, wewe uende ukamwambie mteja kwamba mtumwa wake wa pili amekufa tangu alfajiri. Futeni.

Hata historia ukiiweka kando, maneno hayo ni mabovu kikazi. Seva ya pili inanakili kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza, na mara nyingi inawajibu wanaotaka kusoma tu. Neno "mtumwa" halisemi lolote kati ya hayo. Siku seva ya kwanza ikizima, ya pili hushika nafasi yake, na hapo taarifa itasomeka hivi: mtumwa amekuwa bwana, na bwana akirudi atakuwa mtumwa. Sasa msomee fundi uliyemwamsha saa tisa usiku.

Mwambie mwenzako kwamba wenye miradi ya programu hizi wenyewe walishahama. Django, zana ya kujengea tovuti, waliyaondoa maneno hayo mwaka 2014; kwa upande wa hifadhidata, Redis wakafuata katika toleo la 5 mwaka 2018, MySQL wakaanza mwaka 2020. PostgreSQL wao hutaja seva kuu na seva ya akiba. Mimi ningesema seva kuu na seva nakala.

Kwa nini isiwe "kiongozi" na "wafuasi"? Inapendeza zaidi.

Django nao waliipenda. Walianza na hayo, na muda mfupi baadaye wakahamia kwenye kuu na nakala.

Swali la kujiuliza ni hili: nani anaiweka seva kwenye cheo? Kama ni fundi aliyeandika kwenye faili la mipangilio, hakuna uongozi hapo, ni kuu na nakala. Ila kama seva zinachaguana zenyewe, "kiongozi" ndilo neno lake hasa. Chukua Raft, utaratibu wa seva kuchaguana kiongozi, uliochapishwa mwaka 2014. Wafuasi wakikaa muda bila kusikia mapigo ya kiongozi, yaani ujumbe wa kila mara wa kuonyesha kwamba yuko hai, mmoja hujitangaza mgombea, muhula mpya huanza, naye huomba kura. Kwenye kundi la seva 5 anahitaji kura 3, yake mwenyewe ikiwemo. Mgombea, muhula, kura: nani hapa kwetu ataomba afafanuliwe? Ni mara chache sana utaalamu huu hutuangukia ukiwa umekwisha jitafsiri hivi.

Simu yangu inaita hifadhi ya dharura "nakala rudufu". Nikiwa na seva nakala, si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana, na kosa hili ni ghali. Ukifuta jedwali kimakosa kwenye seva kuu, seva nakala inalifuta pia, kwa utiifu kabisa, pengine kabla hujashusha pumzi.

Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia mafundi programu zao, alikusudia kufuta data kwenye seva ya pili ili ianze kunakili upya. Amri akaitoa kwenye seva kuu. Mashine zilitofautiana kwa tarakimu moja tu, db1 na db2. Aliposhtuka na kuisimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki takriban 4.5. Seva ya pili haikuwa na msaada, nayo ilikuwa imekwisha futwa. Kilichowaokoa ni picha ya data iliyochukuliwa saa sita nyuma, na yaliyoandikwa katika saa hizo sita yakapotea.

Kwa hiyo msiyaache maneno haya mawili yafanane. Hifadhi ya dharura iiteni chelezo. Watu wa pwani wanajua chelezo ni kitu kinachoelea, na chombo kikizama ndicho unachokitafuta.

Neno "patisheni" linatuchanganya kwenye vikao. Mmoja anazungumzia data, mwingine mtandao.

Wote wawili wako sahihi, ndiyo shida yenyewe. Data ikigawanywa kwenye seva mbalimbali, kila fungu huitwa patisheni. Mtandao ukikatika hata seva zisisikilizane, hali hiyo nayo ina jina hilo hilo. La kwanza liiteni kipande, la pili mpasuko wa mtandao. Wenzetu wa Kiingereza wamekwama zaidi: kipande hicho, katika hifadhidata ya HBase wanakiita eneo, Bigtable wanakiita kibao, Couchbase wanakiita vBucket, yaani ndoo pepe.

Na "uthabiti" je?

Lina mzigo wa namna hiyo hiyo. Katika sifa za muamala, yaani mabadiliko ya data yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote, lina maana kwamba kanuni za data hazivunjwi, kwa mfano salio lisiloruhusiwa kushuka chini ya sifuri. Katika hoja ya mwanasayansi wa kompyuta Eric Brewer ya mwaka 2000, kuhusu seva zinazopatwa na mpasuko wa mtandao, lina maana kwamba kila anayesoma anaona kilichoandikwa mwisho. Mimi sitafuti neno jipya, naandika sentensi nzima. Ni ndefu, lakini haina ubishi.

Tumekubaliana majina. Tukibadilisha leo, programu za wateja si zitavunjika?

Zitavunjika mkibadilisha kwa pupa. Anzeni na mwongozo na ujumbe unaosomwa na watu. Amri mpya iongezwe, ya zamani iendelee kufanya kazi huku ikitoa onyo. Redis walileta amri ya REPLICAOF lakini ya zamani, SLAVEOF (slave ni mtumwa), bado inakubaliwa, na ukiiuliza seva nakala hali yake, mpaka leo inajibu kwa neno la zamani, maana kuna programu nyingi zinazolisoma neno hilo. MySQL walisubiri hadi toleo la 8.4, mwaka 2024, ndipo amri yao ya zamani, START SLAVE, ikakataliwa kabisa.

Nyinyi mna wateja wangapi? Kama ni watatu, wapigieni simu, mbadilishe Ijumaa ijayo.