Katuni za mtandaoni: piga hesabu ya hela kabla ya kushika kalamu

Swali ninaloletewa sana na wadogo zangu wanaoanza kuchora ni hili: "Kaka, nikifikisha wafuasi 10,000 hela itaanza kuingia?" Haitaanza. Wafuasi si mshahara. Wapo wachoraji wanaopendwa na umati Instagram na bado wanakopa nauli, na wapo wenye wasomaji wachache tu ambao hawakosi kazi mezani. Mara nyingi kinachowatofautisha si ufundi wa mkono. Huyu wa pili alijua mapema nani atamlipa, na hela hiyo itapita wapi mpaka imfikie.

La kwanza likubali haraka ili lisikupotezee miaka: kwa anayeanza, kusoma katuni mtandaoni hakuuziki kirahisi. Wamarekani walijaribu kabla yetu. Mwaka 2000 mchoraji Scott McCloud alihubiri kwamba msomaji atalipa senti chache kwa kila katuni anayoifungua. Ikaja kampuni iitwayo BitPass kuyarahisisha malipo madogo ya aina hiyo. Mwaka 2007 ikafunga milango. Wakati huohuo Randall Munroe, aliyeanzisha katuni ya mtandaoni ya xkcd mwaka 2005, alikuwa anaziweka katuni zake bure kabisa na kuuza fulana, baadaye vitabu. Rich Burlew naye mwaka 2012 aliomba dola 57,750 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, ili achapishe upya vitabu vya katuni ambayo yeyote mwenye intaneti angeisoma bila kulipa. Alichangiwa dola 1,254,120. Waliotoa hela walikuwa wameshaisoma. Walitaka kuishika mkononi.

Kwetu pia watu walilipia karatasi. Wakubwa zetu walinunua jarida la Sani ili wacheke na Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na Wakenya walimsoma Juha Kalulu wa Edward Gitau ndani ya Taifa Leo kwa miongo. Msomaji alimlipa mwenye gazeti, mwenye gazeti akamlipa mchoraji. Siku hizi msomaji analipia bando, na hela ya bando inaishia kwa kampuni ya simu. Mchoraji hamo kabisa katika mzunguko huo, hata kibonzo chake kizunguke kwenye magrupu yote ya WhatsApp kuanzia Tanga hadi Mbeya.

Sasa njia za hela, na hapa nakuomba usome polepole. Kickstarter haipokei miradi ya mtu anayeishi Tanzania wala Kenya. Ukisikia habari za Kugali, kampuni ya Mganda Hamid Ibrahim na wenzake wawili wa Nigeria iliyokuja kutengeneza mfululizo wa katuni wa Iwájú na Disney mwaka 2024, kumbuka kwamba makao yake ni London, si kwetu. Patreon, ambako mashabiki humchangia msanii kila mwezi, inatupokea, lakini inachukua asilimia 10 kwa wanaojiunga sasa, kisha kuna gharama za kukata kadi za wachangiaji, kisha gharama za kuitoa. Watu 40 wakikupa dola 3 kila mwezi ni dola 120 kwenye skrini. Mpaka ikufikie mkononi, weka chini ya 100. Na itakufikiaje? Kenya unaweza kuivuta kutoka PayPal hadi M-Pesa tangu 2018. Tanzania, kwa miaka mingi, akaunti ya PayPal imekuwa ya kulipa tu, si ya kupokea, ndiyo maana wengi wetu tukahamia Payoneer, huduma nyingine ya kupokea malipo kutoka nje. Yachunguze haya kabla hujafungua ukurasa wa michango. Usisubiri mashabiki watoe ndipo uanze kuuliza hela itatokaje.

Ukiuza kitabu chako Amazon kwa wasomaji wa Marekani, utajaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa mtu wa nje, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, asilimia 30 ya mrabaha wa mauzo ya huko inakatwa kabla hujaiona. Kenya nayo, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, inakata asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali. Sisemi usiuze. Nasema bei unayoipanga iwe imeshayajua makato hayo.

Vijana wengi wana ndoto ya Webtoon, jukwaa la katuni la Wakorea, na siwalaumu. Rachel Smythe wa New Zealand alianzia huko na hadithi yake ikapata Eisner, tuzo kubwa ya katuni ya Marekani. Lakini upande ulio wazi kwa kila mtu ulikuwa unataka wafuatiliaji 1,000 na kurasa 40,000 zilizotazamwa kwa mwezi kabla ya kukugawia chochote cha matangazo, na kati ya lugha zake Kiswahili hakimo. Ukiandika Kiingereza unashindana na dunia nzima. Mimi namshauri anayeanza aandike Kiswahili, na sababu yangu si uzalendo. Wateja watakaokulipa mwaka wako wa kwanza na wa pili wako hapa, na wanachokinunua ni mtu anayejua konda anavyomjibu abiria, mama ntilie anavyodai deni na mwenye nyumba anavyogonga mlango mwisho wa mwezi. Mazungumzo ya namna hiyo Mkorea hayawezi.

Wateja wenyewe ni akina nani? Zaidi ya yote, ni mashirika. Jarida la katuni la Shujaaz lilipoanza Kenya mwaka 2010 liligawiwa bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kwa Sheng ya vijana. Kijana aliyelisoma hakutoa hata shilingi. Waliolipa ni wafadhili na wadhamini waliotaka kumfikia. Mfumo huo ndio unaowalisha wachoraji wengi wa kwetu mpaka leo: hadithi ya kurasa nane kuhusu malaria, vibonzo vya SACCOS, mfululizo wa Instagram kuhusu afya ya uzazi au kilimo. Katuni yako ya bure ya kila wiki ndiyo inayowaonyesha kwamba unaweza kusimulia, si kuchora tu, na kwamba humalizi pumzi baada ya toleo la tatu. Wanaangalia tarehe za machapisho yako kuliko unavyodhani.

Kazi za mashirika zina adha yake. Mchoro utapita kwa afisa mawasiliano, kisha kwa mtaalamu, kisha kwa mfadhili, na kila mmoja atataka aongeze neno mpaka puto la maneno limfunike mhusika. Kwa hiyo kubaliana nao hatua kwa hatua. Kwanza hadithi kwa maandishi, waisaini. Kisha michoro ya penseli, waisaini. Rangi ni baada ya hapo. Marekebisho mara mbili yamo ndani ya bei. Ya tatu yana bei yake. Nusu ya hela itangulie. Hadithi ukiitunga wewe, itoze peke yake, maana wengi wanadhani maneno yanakuja bure na mchoro. Maneno yakae kwenye tabaka lake ndani ya faili, mbali na picha, kwa kuwa mteja akirudi anataka toleo la Kifaransa kwa ajili ya Bukavu au la Kinyarwanda, hiyo ni kazi ya siku moja inayolipwa kama kazi.

Kwa msomaji wa kawaida, uza kinachoshikika: kijitabu, stika, fulana, au picha ya bwana na bibi harusi waliochorwa pamoja na wahusika wako (hii ya harusi usiidharau). Lipa namba iwe kwenye picha yenyewe. Jina lako liweke katikati ya mchoro, kwenye ukuta wa nyumba au ubavu wa daladala, kwa sababu la pembeni hukatwa na wale wanaoiba kibonzo na kukipeleka kwenye kurasa zao. Picha iwe nyepesi, msomaji mwenye bando la siku aifungue bila kujiuliza mara mbili, lakini faili ya awali uihifadhi kwa ubora wa kiwandani, nukta 300 kwa inchi, maana mchapaji hawezi kukuza picha uliyoitoa Instagram. Ukifika hatua ya kuwa na tovuti yako, na uko Tanzania, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza 2018 zinakugusa.

Na usiache kazi yako nyingine mapema. Masoud Kipanya, mmoja wa wachora katuni wanaojulikana zaidi Tanzania, Watanzania wengi wanamjua pia kwa sauti yake ya Clouds FM.

Nimeliacha hili mwishoni kwa kuwa ndilo linalopotea kirahisi kuliko yote: mhusika wako. Hakimiliki unaipata pale unapomaliza kuchora. Ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya, ni mahali pa kuweka ushahidi. Lakini kazi ya kuagizwa ni habari nyingine. Sheria ya Kenya inasema msipokubaliana vinginevyo, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa inahesabika imeshahamia kwa aliyeagiza. Kwa hiyo anayekuletea kazi na kusema "tumtumie yule mhusika wako wa Instagram", mwandikie kwenye mkataba kwamba anakodi mhusika kwa kurasa hizo, kwa lugha hiyo, kwa muda uliotajwa, na kwamba mhusika anabaki wako. Akikataa, mchoree mhusika mpya awe wake, na bei ipande.