Barua kwa mwanangu: Kabla hujala kiapo

Mwanangu mpendwa,

Huku Morogoro wote hatujambo. Juzi uliponipigia na kuniuliza kama nitakupa baraka ujiunge na Texas State Guard, kile kikosi cha kujitolea cha jimbo la Texas huko Marekani, nilikuambia nitajibu kwa barua. Sikuwa nakukwepa. Nilitaka kwanza kuzisoma zile karatasi ulizonitumia.

Kwanza nikuambie kilichonishika moyo. Nilimkumbuka mjomba wako. Alikuwa mgambo wa kijiji, wanapiga kwata jioni kwenye uwanja wa shule, wameshika bunduki za mti. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na wale wa bunduki za mti wakaitwa. Bibi yako hakuwa analala, alikuwa anasinzia ameketi kwenye kigoda mlangoni, mpaka siku mjomba aliposhuka kwenye lori amekonda, mwaka 1979. Kwa hiyo neno "kujitolea" ukinitajia pamoja na neno "sare", mimi namwona bibi yako mlangoni.

Karatasi zimenituliza hapo. Nimeelewa kwamba kikosi chenu ni cha jimbo, kipo tangu 1941, makao yake Camp Mabry pale Austin, na mwenye amri ni gavana. Washington, yaani serikali kuu, haiwezi kukichukua kikosi kizima ikakipeleka vitani ng'ambo, kama inavyoweza kuwafanyia National Guard, lile jeshi la akiba la majimbo. Mazoezi ya mwisho wa wiki hulipwi, posho ni pale jimbo linapowaita kazini. Na yale mafao ya masomo wanayopewa maveterani wa Marekani, usiyahesabu. Hayo uyajue mapema ili usije ukanung'unika baadaye.

Sababu yako naiamini. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston, siku mbili simu yako haikupatikana, na mimi hapa sikuweza kumeza hata chai. Baadaye ukanisimulia habari ya yule mzee mwenye sare aliyewapokea kwenye makazi ya dharura, akakuvisha bangili ya karatasi yenye namba ili ndugu wasipoteane, akakuuliza jina la mama yako. Unataka kuwa yule mzee. Mama yangu, kwa hilo nenda. Nenda kwa mikono miwili.

Lakini amri ni ya gavana, na gavana anayewatuma kwenye mafuriko ndiye anayewatuma mpakani. Tangu 2021, katika ile Operation Lone Star, operesheni ya jimbo ya kulinda mpaka, watu wa kikosi hicho wamepelekwa mto wa mpakani, Rio Grande, kuwazuia wanaovuka kutoka Mexico. Hilo hukuligusa kwenye simu, na ndilo lililonikosesha usingizi.

Unakumbuka nilipokuwa nauza vitumbua stendi, wewe bado mdogo unacheza chini ya meza? Mgambo walikuja asubuhi moja wakapiga teke karai lenye mafuta ya moto. Tone moja lilikupata mguuni, kovu lile unalo mpaka leo. Yule kijana aliyepiga teke nilimtazama usoni. Hakuwa na chuki. Alikuwa ameagizwa, na mkubwa wake alikuwa amesimama nyuma yake. Jina lake ni mgambo, kama mjomba wako. Mafunzo yao yalikuwa yaleyale, kwata ileile. Nimewaza sana kuhusu kijana yule kuliko ninavyowaza kuhusu karai langu.

Sikwambii mpaka usilindwe. Kila nchi ina mpaka na ina haki ya kuulinda. Nakwambia uwe umejiuliza, kabla hujavaa mabuti, utafanya nini siku ukisimama mbele ya mama aliyembeba mtoto majini.

Kwa hiyo kabla hujala kiapo, mwulize afande anayeandikisha kuruta, umwangalie machoni: wito wa mpakani ukija, naruhusiwa kubaki kwenye kazi ya mafuriko, au sina hiari? Akikujibu kwa kuzungukazunguka, mwulize tena, kisha watafute wawili watatu waliokwisha kwenda uwasikilize. Na kazini kwako waambie mapema. Nimesikia sheria ya Texas inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ameitwa na kikosi cha jimbo, ila bosi aliyeambiwa mapema hana kinyongo.

Baraka zangu za mafuriko unazo tangu leo. Za mpakani, nipigie kwanza tuzungumze, hata huku ikiwa usiku wa manane. Nitaamka.

Mama yako