Pingu zifunguliwe kabla uchungu haujakolea

Kama una dada, mke au binti mjamzito aliye mahabusu, usingoje uchungu uanze ndipo uulize habari za pingu. Mimi ni mkunga hapa Mtwara. Wanaoletwa wodini chini ya ulinzi mara nyingi ni watu wa makosa ya kawaida tu, kama yule aliyekamatwa na gongo ya mabibo.

Aliletwa usiku, akafungwa mguu wa kushoto kwenye chuma cha kitanda. Kila uchungu ulipombana alitaka kulala ubavu, mnyororo ukamrudisha chali. Kifundo kilikuwa kimevimba hadi pingu imezama. Nikamwambia askari: "Afande, mabega ya mtoto yakikwama, natakiwa nimkunje huyu mama magoti yote mawili hadi kifuani papo hapo. Hakuna muda wa kutafuta ufunguo." Akafungua, akasimama nje ya mlango. Hakuna aliyetoroka. Mama aliyefunguka njia sentimita nane atakimbilia wapi?

Wakunga wenzangu, semeni na askari kuhusu hatari, atawaelewa. Kifafa cha mimba kikimshika lazima alazwe ubavu haraka. Akihitaji upasuaji wa dharura, kila dakika ni ya mtoto. Mwambieni pia kwamba hamwombi fadhila. Kanuni za Bangkok kuhusu wanawake wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, katika kanuni ya 24 zinakataza kumfunga mwanamke wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua na mara tu baada ya hapo. Kanuni za Nelson Mandela za 2015, za umoja huohuo kuhusu wafungwa wote, zinasema hivyohivyo. Akikataa, mwombe ampigie mkuu wake mbele yako, kisha andika kwenye faili saa, ulichoomba na ulichojibiwa. Nimeona msimamo ukilegea kalamu iliposhikwa.

Ndugu, pelekeni kadi ya kliniki gerezani mapema. Mkiomba dhamana, hakimu aambiwe mimba ina miezi mingapi. Kama hamna uwezo wa wakili, tafuteni msaidizi wa kisheria, na malalamiko yapokelewa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Siku ya kujifungua, mmoja wenu aombe kukaa karibu na wodi. Kuna wanaorudisha pingu mara kondo linapotoka, na hizo ndizo saa za kutokwa damu nyingi. Mkiona hivyo, mwiteni mkunga wa zamu palepale.