Puli ya pawatila inacheza na breki haishiki

Kama umekaza nati na puli ya pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili) bado inacheza kwenye shafti, tatizo haliko kwenye nati. Angalia kii, kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti. Zima injini, weka gogo nyuma ya magurudumu, legeza bolti za kitako cha injini, toa beliti, kisha itoe puli kwa pula (kifaa cha kuvutia puli). Usiigonge nyundo: chuma cha kumimina hupasuka ukingoni, na beringi hupokea kipigo chote.

Kii nzima ina kona kali. Ikiwa imelika na kufanya ngazi upande mmoja, tupa, weka mpya. Mfereji inamokaa kii ukishapanuka, kii mpya nayo italegea baada ya siku chache, kwa hiyo peleka puli kwa fundi wa kukereza achonge mfereji mwingine upande wa pili. Kipande cha bati la kopo, ambacho wengi hukichomeka, kinaumaliza mfereji kabisa.

Futa shafti kwa petroli, usipake grisi, weka washa mpya ya springi, kaza. Fanya kazi saa 1, zima, kaza tena. Beliti zibadilishwe zote kwa pamoja. Nyuzi iliyovutwa usoni mwa puli mbili iziguse sawasawa.

Breki malizia mwisho, maana mkono wake ndio huohuo wa klachi. Legeza nati ya kufungia kwenye fito ya breki, zungusha nusu mzunguko, jaribu, rudia. Klachi iachie kwanza ndipo breki ishike. Ikishika mapema, itaungua pamoja na beliti.