Beki hawezi ukocha? Ngoja niwape habari ya Masami Ihara

Mleta uzi umeuliza mbona makocha wakubwa wengi walikuwa viungo, na kuna mkuu hapo juu kajibu eti beki kazoea kubutua tu, kichwani hamna kitu. Mimi nimecheza namba 5 ligi ya wilaya miaka sita mpaka goti likagoma, kwaio nisameheni nikijibu kwa uchungu kidogo.

Nilikuwa nasoma Tsukuba, kaskazini ya Tokyo, 2022 mpaka 2024. Wikiendi upweke unakuua kule, nikagundua mji wa jirani tu kwa treni kuna timu inaitwa Kashiwa Reysol na inavaa njano na nyeusi. Mimi Yanga damu, nikiona njano roho inatulia, nikaanza kwenda. Uwanja wenyewe mdogo, unaingiza watu elfu 15 hivi, afu jukwaa limebanana na mstari wa pembeni mpaka unasikia wachezaji wanavyoitana. Mei 2023 wakamtimua kocha wao Mbrazili, Nelsinho, timu akapewa msaidizi wake, Masami Ihara, beki wa zamani wa Japani. Mzee mmoja niliyekuwa nakaa naye jukwaani akaninyooshea kidole kwenye benchi akasema yule ndo "Ajia no kabe", yani ukuta wa Asia. Nikarudi hosteli nikaanza kuchimba.

Aisee. Mechi 122 timu ya taifa, rekodi ambayo ilikaa mpaka 2012 alipokuja kuipita kiungo Yasuhito Endo. Mchezaji bora wa Asia 1995, mwaka huo huo kachukua ubingwa wa J-League, ligi kuu ya Japani, na Yokohama Marinos. Juni ya mwaka huo huo tena kawafunga Waingereza kwa kichwa pale Wembley, ingawa Japani walilala 2-1 kwa penati ya mwishoni. Na kasoma chuo kile kile nilichokuwa nasoma mimi, tena pamoja na Nakayama, yule aliyekuja kufunga goli la kwanza la Japani Kombe la Dunia. Nilijiona ndugu yake kabisa hahaha.

Ila sio medali zilizonifanya nimpende, ni dakika za lala salama. Ihara maisha yake yote yameamuliwa pale.

Oktoba 1993, Doha. Japani wanaongoza 2-1 dhidi ya Iraq, wakishinda wanaenda Kombe la Dunia la Marekani kwa mara ya kwanza kabisa kwenye historia yao. Dakika 90 zimeisha, Iraq wanapata kona, wanaianza fupi, krosi, kichwa, 2-2. Basi, kwisha habari, tiketi wakachukua Saudia na Korea Kusini. Ihara alikuwa uwanjani nyuma pale, na kiungo wao mmoja siku ile alikuwa Moriyasu ambaye sahivi ndo kocha wa taifa. Nyie mnaosema beki hana ubongo, mmeshawahi kufungwa goli la namna hiyo mkiwa beki? Mimi nimefungwa moja tu, mechi ya kombe la mbuzi, na mpaka leo nikilala naona yule dogo alivyoniruka. Sembuse nchi nzima inakuangalia.

Miaka minne baadae, Novemba 1997, Johor Bahru kule Malaysia, mechi ya kukata tiketi na Iran, Ihara ndo nahodha. Wanatoka 2-2, zinaongezwa dakika na enzi zile ilikuwa goli la dhahabu, anayefunga tu mpira umeisha, dakika ya 118 Okano anaweka kambani. Wakaenda Ufaransa 98, wakafungwa zote tatu, na Argentina 1-0, Croatia 1-0, Jamaika 2-1. Watu wanacheka hizo mechi tatu, ila mimi naziangalia kwa jicho la beki: washambuliaji wao hatari, Batistuta wa Argentina na Suker wa Croatia, kila mmoja kaondoka na goli moja tu.

Sasa ukocha. Kastaafu 2002, na kwa jina lile angeweza kupewa timu kubwa kesho yake. Hakukimbilia. Kakaa msaidizi wa timu ya vijana iliyokwenda Olimpiki ya Beijing 2008, kisha Kashiwa miaka sita, mingi yake chini ya Nelsinho, na hapo ndo Kashiwa walipanda daraja 2010 na 2011 wakachukua ubingwa wa ligi kuu moja kwa moja. Yani kaanza kuwa kocha mkuu 2015, miaka zaidi ya kumi baada ya kuvua njumu, tena Avispa Fukuoka daraja la pili.

Kafungwa mechi tatu za mwanzo mfululizo. Kwetu hapa angekuwa keshafungashiwa virago. Wakamwacha, akamaliza wa tatu kwa pointi 82 sawa na Jubilo Iwata wa pili, kwaio akaenda mchujo wa kupanda daraja. Fainali na Cerezo Osaka, Osaka kwao kabisa. Kanuni ilikuwa ikitoka sare anapanda aliyemaliza juu kwenye msimamo. Cerezo wanatangulia, dakika ya 87 Fukuoka wanasawazisha, wanapanda! Raha ikadumu mwaka mmoja, 2016 wakaburuza mkia wakashuka. 2017 akarudi tena fainali ya mchujo, safari hii na Nagoya, 0-0, lakini Nagoya ndo walikuwa juu. Sare ile ile iliyompandisha ikamzuia.

Na mimi yangu niliyoiona live ni Desemba 2023, fainali ya Kombe la Mfalme, uwanja wa taifa Tokyo, Kashiwa na Kawasaki. Nimevaa njano, baridi inapiga mpaka mifupa. 0-0 dakika 120, matuta, yakaenda mpaka makipa wanapiga wenyewe. Kipa wa Kawasaki kafunga, kipa wetu akapiga, yule wa Kawasaki akadaka. 8-7, tumelala. Yule mzee wangu wa jukwaani alikunja skafu taratibu akasema maneno ambayo Kijapani changu hakikufika.

Ukinibana mkuu nitakubali, kama kocha mkuu Ihara hana kombe, na misimu yote miwili Kashiwa alimaliza wa 17, akanusurika kushuka na kuondoka mwisho wa 2024. Siwezi kudanganya kwamba ni kocha mkubwa, na kuna mechi nilitoka nalaumu kwamba tunarudi nyuma mapema mno. Ila hoja yako ya ubongo siikubali, tatizo la beki akiwa kocha ni kwamba anakumbuka magoli ya kufungwa kuliko ya kufunga.

Najua kwa sababu niliporudi Morogoro nikapewa madogo wa U15, mechi tano nimepoteza nne, nipo pembeni napiga kelele "toa! toa!" kila mpira. Nikaomba mwenyewe niwe msaidizi. Kocha mkuu sasa ni kiungo mmoja wa zamani hapa mtaani, ananizidi miaka miwili tu, na kazi yangu ni mabeki na kona. Jumamosi tuliongoza 1-0, dakika ya mwisho wakapata kona, nikafumba macho.