Namna ya Kumaliza Metroid II bila Kuchungulia Ramani ya Mtu

Msomaji mmoja ameniuliza kama mchezo wa Metroid II: Return of Samus, uliotolewa mwaka 1991 kwa ajili ya Game Boy (mashine ya mkononi ya kuchezea michezo), unaweza kumalizwa na mtu asiyetafuta majibu mtandaoni. Unaweza, kwani nimeumaliza majuzi, na ninatamba kidogo kwa sababu jamaa yangu mmoja aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba ningeshindwa hata kutoka pango la kwanza. Maneno yale bado yananikera.

Samus Aran, shujaa unayemwongoza mchezoni, anatumwa katika sayari ya SR388 kuwaangamiza viumbe hatari waitwao Metroid, naye hapewi ramani yoyote. Kioo cha Game Boy kina vivuli vinne tu, na mapango yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Mimi nilichukua daftari la hesabu lenye miraba, nikachora kila shimo na kila kona, nikatia nyota penye vituo vya kuhifadhia mchezo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuchora, na wa pili pia ni kuchora, maana anayetaka kuelekezwa kila hatua hajacheza, ametembezwa tu.

Tazama pia tarakimu iliyo chini ya kioo, upande wa kulia, inayohesabu Metroid waliobaki na kuanzia 39. Ukishawamaliza Metroid wa eneo moja, ardhi hutetemeka na tindikali hupungua, ndipo njia ya kushuka hufunguka. Ardhi isipotetemeka, kuna mmoja uliyemwacha nyuma, basi rudi kwenye daftari lako.

Tarakimu ikifika 1 usishangilie, kwa kuwa Metroid wachanga wanaangua na hesabu inaruka hadi 9. Hao hawafi mpaka wagandishwe kwanza kwa mwali wa barafu (risasi ya kugandisha), kisha wapigwe makombora matano kila mmoja. Samus hubeba mwali mmoja tu kwa wakati, hivyo aliyenogewa na mwali wa plasma itambidi auache.

Malkia wa Metroid, adui wa mwisho, nilimpiga kombora kinywani, nikajikunja kuwa mpira, nikaingia tumboni mwake na kutega mabomu. Akishakufa, yai la mwisho litaangua mbele yako. Kichanga hicho kiache kikufuate, kwa kuwa ndicho kitakachotafuna vizuizi vilivyoziba njia ya kurudi chomboni.